Mapambo ya Krismasi ya karatasi ya kukunja: nyota, mti na kisanduku, hatua kwa hatua

Jumapili ya kwanza ya Majilio, tukishatoka ibadani na kula, meza ya nyumbani kwetu Pasua, hapa Moshi, huondolewa vyombo, ikafutwa, ikaachwa ikauke kabisa. Ndipo watoto wa kaka yangu wanapomwaga walichokusanya tangu Oktoba: kalenda ya mwaka jana, mifuko ya kaki ya dukani, karatasi laini zilizotoka kwenye maboksi ya viatu, karatasi za zawadi zilizokunjwa vizuri baada ya sikukuu za watu. Kuanzia hapo mpaka tarehe 23 Desemba, tunapopanda Kibosho kwa Bibi, kila Jumapili mchana tunakunja.

Sanaa hii ya kukunja karatasi bila kuichanachana inajulikana duniani kwa jina la Kijapani, origami: *ori* ni kukunja, *kami* ni karatasi. Nitakuelekeza vitu vinne tu. Nimeviteua kwa sababu mtoto wa miaka saba au minane anaviweza akisaidiwa kidogo, vinatoka kwenye karatasi ambazo tayari ziko nyumbani, na vikitengenezwa vizuri mgeni akiingia anauliza vimenunuliwa wapi.

Kabla ya yote, niseme jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine. Watu wengi wakishindwa kukunja husema hawana mkono wa ufundi. Mimi nimekaa na watoto na watu wazima kwenye meza hii miaka kadhaa, na karibu kila mara kosa halikuwa la mkono. Karatasi haikuwa mraba. Mwaka wa kwanza nilitengeneza nyota ya dirishani yenye vipande vinane, na kipande cha nane kikakataa kukutana na cha kwanza. Pakabaki pengo la upana wa kidole. Nilirudia mara tatu. Mwishowe nikachukua rula nikapima: vipande nilivyokata kwa macho vilikuwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine kwa milimita mbili, tatu. Milimita tatu kwenye kipande kimoja hazionekani. Kwenye vipande vinane zinajumlishana. Toka siku hiyo, nusu saa ya kwanza ni ya kupima na kukata, na hakuna anayekunja kabla ya nusu saa hiyo kwisha.

Karatasi gani ifanye kazi gani

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile A4 ya gramu 80, inatosha kwa karibu kila kitu humu. Maduka mengi ya fotokopi mjini yana za rangi na yatakuuzia hata moja moja. Chukua kijani, nyekundu na njano.

Kaki ndiyo ninayoipenda zaidi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imekuwa kitu cha kila siku, na wengi huitupa. Usiitupe. Fungua pale ilipogundishwa, ikate itandazike, kisha ipige pasi ya uvuguvugu upande wa ndani. Nyuzi zake ni ndefu na imara, kwa hiyo unaweza kuikunja na kuikunjua mara nyingi isipasuke. Rangi yake ya udongo ikikaa na uzi mweupe au mwekundu inapendeza kuliko karatasi nyingi za dukani.

Kalenda za ukutani ni nzito na zinang'aa. Zinafaa visanduku, lakini rangi yake hupasuka kwenye mkunjo ikaacha mstari mweupe. Dawa yake ni kuchora mstari wa mkunjo kwanza kwa biki iliyokwisha wino, ukiibana kwenye rula. Karatasi inabonyea, ndipo unakunja.

Zile laini zilizofungia viatu vipya weka kando kwa ajili ya nyota ya dirishani. Karatasi za zawadi za karatasi kweli ni nzuri sana. Zile za nailoni ziache, maana zinajikunjua zenyewe ukigeuka. Manila nayo ibaki kuwa ya kadi. Kwa kukunja ni nene mno, na mtoto akianza nayo atakata tamaa bure.

Vifaa vingine: mkasi unaokata, rula ya sentimita 30, penseli, gundi ya stiki, uzi wa kushonea, sindano, na kijiko cha chakula. Kijiko ni cha kubania mikunjo kwa mgongo wake.

Kupata mraba

A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ilaze wima mbele yako. Shika kona ya juu kulia, ilete chini mpaka ukingo wa juu ulale sawasawa juu ya ukingo wa kushoto. Utapata pembetatu, na chini yake kipande cha ziada. Kunja kipande hicho kifuate ukingo wa pembetatu, bana, kunjua, kata. Ukifungua una mraba wa sentimita 21.

Usitupe kilichobaki. Kina sentimita 8.7 kwa 21, yaani kinatoa miraba midogo miwili na kipande kidogo juu.

Kisha hakikisha. Kunja mraba wako kona kwa kona: kama kingo hazilingani, punguza pale palipozidi. Fanya hivyo kwa kila mraba. Nimekwisha kueleza kwa nini.

Mlima na bonde

Katika kukunja karatasi kuna mikunjo miwili ya msingi, na mkazi wa Moshi hana haja ya kuelezwa majina yake kwa kirefu. Ukikunja karatasi kuja kwako, mstari ukazama chini katikati, huo ni mkunjo wa bonde. Ukiikunja kwenda nyuma, mstari ukainuka kama mgongo wa paa, huo ni mkunjo wa mlima. Geuza karatasi upande wa pili, na mlima unakuwa bonde.

Mjapani Akira Yoshizawa, aliyeishi kutoka 1911 hadi 2005, ndiye aliyeweka msingi wa michoro ya mistari na mishale inayotumika mpaka leo duniani kote: mstari wa vidoti virefu ni bonde, mstari wenye kidoti kirefu na nukta ni mlima. Ukishajua hilo, unaweza kufungua mchoro wa Kijapani kwenye simu na kuufuata bila kusoma neno hata moja.

Namna ya kubana: linganisha kona kwanza, zishikilie kwa mkono mmoja, kisha bana kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kidole. Ukiona imekaa sawa, pitisha ukucha au mgongo wa kijiko mara moja kwa nguvu. Ukianza na ukucha kabla kona hazijalingana, umeshaharibu, kwa sababu karatasi haisahau mkunjo.

1. Nyota ndogo za ukanda

Tunaanza na hizi kwa sababu zinafunga mdomo wa mtoto kwa mshangao: fundo la kawaida, ukilifunga kwa ukanda wa karatasi, linatoa umbo la pembe tano lililo sawa kila upande.

Kata ukanda wa upana wa sentimita 1 kwa urefu wote wa A4. Karatasi moja inatoa kanda 21, na hizo ni nyota 21.

Karibu na ncha moja ya ukanda, tengeneza kitanzi na upitishe ile ncha fupi ndani yake, kama unafunga fundo la kamba. Vuta taratibu huku na huku, ukilaza ukanda bapa kwa vidole. Usivute kwa haraka, utakunjamana. Fundo likikaza utaona pembe tano. Mkia mfupi uliobaki ukunje nyuma ujifiche.

Sasa chukua ukanda mrefu uuzungushe juu ya umbo hilo. Hapa hakuna la kupima. Ukanda wenyewe unafuata kingo, upande mmoja baada ya mwingine, mradi usiulazimishe. Zikibaki kama sentimita mbili, ichomeke ncha chini ya mkunjo wa karibu.

Mwisho ndio mtamu. Shika umbo pembeni kwa vidole viwili vya mkono mmoja, na kwa ukucha wa gumba la mkono mwingine bonyeza katikati ya kila upande kuelekea ndani. Pande tano, mibonyezo mitano. Nyota inafura kama andazi. Ikikataa kufura, ujue uliizungusha kwa kukaza mno; nyingine ilegeze kidogo.

Tunga kwa sindano na uzi, ukiacha sentimita 10 kati ya nyota na nyota: nyota za karatasi moja zinakupa uzi wa mita mbili wa kupamba tawi la msanduku, maana kwetu, kama kwenye nyumba nyingi za huku, mti wa Krismasi ni tawi la msanduku lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Kwa Bibi tulitumia kamba nyembamba zilizochanwa kwenye ganda kavu la mgomba badala ya uzi. Zilikaa vizuri zaidi, nami nazipendekeza kwa yeyote mwenye migomba uani.

2. Nyota ya dirishani

Hii ndiyo inayosimamisha wapita njia. Ina vipande vinane, kila kimoja kina mikunjo mitatu tu, na uzuri wake unatokana na mwanga: pale karatasi zinapopandana panakuwa na kivuli, pasipopandana panapitisha jua, na ndani ya nyota kubwa unaona nyota nyingine ndogo.

Unahitaji miraba minane inayolingana kabisa, ya karatasi inayopitisha mwanga. Zile za maboksi ya viatu ni nzuri kuliko zote. Kama huna, karatasi ya fotokopi nyeupe inafaa, ila itapendeza asubuhi tu, jua likiwa linapiga dirisha moja kwa moja. Mraba wa sentimita 10.5 unatoa nyota yenye kipenyo cha takriban sentimita 30, na A4 moja inatoa miraba minne ya kipimo hicho. Kwa dirisha dogo tumia sentimita 7.5, nyota itakuwa na sentimita 21.

Karatasi laini huteleza mkasini. Zipange nne nne, zibane na kibanio cha karatasi, ndipo ukate kwa pamoja.

Kwa kila mraba:

1. Ulaze kama almasi, kona moja ikikuelekea. Kunja kona ya kushoto ikutane na ya kulia, bana, kunjua. Sasa una mstari wa katikati kutoka kona ya juu hadi ya chini.
2. Chukua ukingo wa juu kushoto, uulaze juu ya mstari wa katikati. Bana.
3. Fanya hivyo hivyo kwa ukingo wa juu kulia. Kingo mbili zinakutana katikati bila kupandana. Umepata umbo la tiara: ncha ndefu kali juu, kona pana chini.
4. Weka tone dogo la gundi chini ya kila bawa ili lisifunguke. Tone dogo kweli, maana gundi nyingi inaonekana mwanga ukipita.

Ukimaliza vyote vinane, vipange vyote upande wa mabawa ukiwa juu. Sasa unaunganisha, na hapa nenda polepole.

Laza kipande cha kwanza, ncha kali ikielekea mbali nawe. Chukua cha pili. Kona yake pana iweke juu ya kona pana ya kipande cha kwanza, nukta kwa nukta. Halafu kizungushe mpaka ukingo wake wa chini, ule unaoanzia kwenye kona pana, ulale sawasawa juu ya mstari wa katikati wa kipande cha kwanza. Gundisha. Cha tatu kinafuata mstari wa katikati wa cha pili, na kuendelea. Zunguka upande mmoja tu, usirudi nyuma.

Kona pana ni ya nyuzi 90, na nusu yake ni 45. Kila kipande kinasogea nyuzi 45, na vinane vinakamilisha mzunguko wa 360. Kwa hiyo nyota haina budi kufunga. Isipofunga, kuna mraba mmoja usio mraba, au kuna kipande kimoja ambacho ukingo wake haukufika kwenye mstari.

Kipande cha nane kinakaa juu ya cha saba, lakini kinaingia *chini* ya cha kwanza. Inua bawa la cha kwanza kidogo, kipenyeze, kisha gundisha pande zote mbili. Ukikosa kufanya hivyo nyota itaonekana ina mwanzo na mwisho, na jicho litaishia hapo kila mara.

Kutundika: toboa ncha moja kwa sindano, pitisha uzi, funga kwenye nondo ya dirisha kwa ndani. Wavu wa mbu hauzuii kitu, mwanga unapita. Kwenye dirisha la kioo kizima tumia vipande viwili vidogo vya selotepu. Ujue tu kwamba jua letu la Desemba linapausha rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kwenda. Nyeupe na njano zinafika Mwaka Mpya zikiwa nzima.

3. Mti wa ngazi nne

Mti huu nilipoupangia vipimo nilifurahi siku nzima, kwa sababu A4 moja ya kijani inautoa wote na kinachopotea ni kidogo. Chora hivi: kwenye upande mfupi wa juu, pima ukanda wenye kimo cha sentimita 15, ugawe mraba wa 15 na nafasi ya 6 kando yake, humo kata mraba wa 6. Chini yake pima ukanda wa kimo cha sentimita 12, ugawe mraba wa 12 na nafasi ya 9. Humo kata mraba wa 9. Unabaki na kipande chembamba cha sentimita 2.7 chini kabisa. Kichane kanda tatu za upana wa milimita 8. Mmoja wapo utakuwa nyota ya kileleni, kwa njia uliyojifunza hapo juu.

Kila mraba unakunjwa namna moja. Jifunze kwa ule wa 15.

Weka upande wa rangi chini (kama karatasi ina rangi pande zote, weka alama ya penseli upande utakaokuwa ndani). Kunja kona kwa kona, kunjua. Kunja kona nyingine mbili, kunjua. Una msalaba wa mshazari, na mikunjo yote ni mabonde. Geuza karatasi. Kunja nusu kwa nusu, ukingo kwa ukingo, mara moja tu, kisha kunjua. Utaona katikati pameinuka kidogo, karatasi yenyewe inataka kujifunga. Shika ncha mbili za ule mkunjo wa mwisho, zisukume ziingie ndani zikutane, na huku karatasi ikishuka chini. Inalala ikawa pembetatu yenye mabawa manne, mawili kila upande. Bana vizuri.

Hapa kwenye kugeuza ndipo watoto wote hukwama. Mwaka juzi mdogo wao alikaa muda mrefu kimya, mwishowe akaninyooshea karatasi: "Shangazi, mbona yangu inakuwa mraba?" Niliifungua, nikaisoma mikunjo. Yote mitatu ilikuwa mabonde, hakuigeuza. Nikamwambia aufanye ule wa katikati uwe mlima, na pembetatu ikaja yenyewe mkononi mwake. Tangu hapo yeye ndiye anayesimamia wengine kwenye hatua hiyo, na anatamka "geuza" kwa sauti ya mwalimu.

Ukishapata pembetatu nne, kata ncha ya juu ya zile tatu kubwa, milimita mbili tu, zipatikane tundu. Ile ndogo kabisa usiikate. Chukua kijiti cha mshikaki, ukate ncha yake kali ikiwa watoto wako karibu. Pitisha pembetatu ya 15 kwanza, fungua mabawa yake manne yakae kama msalaba. Acha sentimita nne chini ziwe shina. Zungusha uzi mara tatu nne juu ya kijiti mahali ngazi inayofuata itakapokaa, tia tone la gundi. Huo uzi ndio utakaoizuia isishuke. Fuatisha ya 12, halafu ya 9, kila moja ikifunika theluthi moja hivi ya iliyo chini yake. Mabawa ya ngazi moja yaelekee katikati ya nafasi za ngazi ya chini, mti utaonekana umejaa. Ya 6 inavikwa juu kama kofia, na nyota inagundishwa kileleni. Utapata mti wa sentimita 15 hivi bila shina.

Wa kusimamia, nyumbani tunatumia kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kaki. Kule juu kwa Bibi tulikata kipande cha shina la mgomba. Kijiti kinaingia kwa urahisi na kinasimama imara. Lakini weka kisahani chini. Utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cha meza hautoki, na kitambaa cheupe cha Bibi kina ushahidi wa duara mpaka leo.

Mitatu ya rangi tofauti za kijani, mmoja wa kaki katikati, inatosha kupamba meza ya chakula bila kitu kingine.

4. Kisanduku cha zawadi

Wajapani huita kisanduku hiki *masu*, kwa jina la kipimo chao cha zamani cha mchele, sawa na vile sisi tunavyopima kwa kibaba na pishi. Hakitumii gundi hata kidogo. Mraba wa sentimita 21 unatoa kisanduku chenye upande wa karibu sentimita 7.4 na kimo cha 3.7: kinatosha pipi, karanga za kukaanga, kashata mbili tatu, au hereni.

1. Upande mzuri uwe chini. Kunja nusu kwa nusu, ukingo kwa ukingo, pande zote mbili, kisha kunjua. Msalaba huu unakupa kitovu cha karatasi.
2. Leta kona zote nne kwenye kitovu. Bana. Acha zimefungwa.
3. Kunja ukingo wa chini ufike mstari wa katikati, na wa juu vivyo hivyo. Bana sana, kunjua hiyo miwili tu. Zungusha robo, rudia kwa pande nyingine, kunjua.
4. Fungua kabisa kona mbili zinazotazamana, ya juu na ya chini. Za kushoto na kulia zibaki zimelala kitovuni.
5. Simamisha kuta za kushoto na kulia.
6. Upande wa juu, sukuma pembe za kuta hizo ziingie ndani. Karatasi inajikunja kimshazari kwenye mikunjo iliyopo. Ule mkia mrefu unasimama kuwa ukuta wa tatu. Upitishe juu ya ukuta, ushuke ndani, ncha yake ilale kitovuni pamoja na wenzake.
7. Fanya hivyo hivyo upande wa chini.

Mikunjo ya hatua ya kwanza usiiruke hata ukidhani kitovu unakiona kwa macho, maana ndiyo hiyo hiyo inayokunja pembe za kuta kwenye hatua ya sita.

Kifuniko ni kisanduku kingine kilekile. Cha chini kitoe kwenye mraba wa sentimita 20.5 na kifuniko kwenye ule wa 21. Kwa karatasi ya kalenda, ambayo ni nene, punguza cha chini kiwe 20.3. Picha ya kalenda itakaa juu ya kifuniko kama ukitaka: tafuta sehemu ya picha unayoipenda, hakikisha iko katikati kabisa ya mraba kwa upande wa nje, na itatokea yenyewe ukimaliza. Mwaka jana kwenye visanduku vya kwa Bibi palikuwa na theluji ya Kibo, iliyotoka kwenye kalenda ya mlima.

Moto, mvua na safari

Karatasi na mshumaa ni maadui. Umeme ukikatika usiku wa mkesha na mishumaa ikawashwa, mapambo yote yawe mbali kuliko urefu wa mkono, na mti wa mezani uondolewe kabisa. Taa ndogo za LED hazina joto la kutisha. Balbu za zamani za waya zinaunguza, usiziguse na nyota.

Mvua za vuli zikiendelea mpaka Desemba, karatasi inanyonya unyevu hewani na mikunjo inalegea. Tunza karatasi zako ndani ya boksi lililofungwa, na usikunje siku ya mvua kubwa kama una siku nyingine.

Kinachonifanya nipende mapambo haya kuliko yale ya kung'aa ya dukani ni safari. Tarehe 23 gari za abiria aina ya Noah za kupanda mlimani zimejaa, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingine, na mzigo wako utakaa chini ya magunia ya mchele. Nyota za dirishani zinasafiri ndani ya daftari kubwa, moja kwa kila kurasa mbili. Miti tunaivua kwenye vijiti, pembetatu zinalala bapa tena, zote zinaingia kwenye bahasha moja. Visanduku tunavifungua mpaka vinakuwa karatasi tupu yenye mistari. Tukifika, mtoto anakirudisha kimoja kwa dakika moja, kwa sababu mikunjo iko tayari. Nyota za ukanda pekee ndizo zinazohitaji ulinzi, nazo tunaziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Jioni ya tarehe 24 kazi inayobaki ni ya kufunga nyuzi kwenye nondo kabla giza halijaingia. Na baada ya tarehe 6 Januari tunavishusha vyote kwa njia ileile: bahasha, daftari, kopo. Daftari la nyota hubaki kwa Bibi, kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu.